Fundi wa Gari Zilizokunywa Maji

Wakati wa mvua ndefu, ukiwa umeketi kanisani kwetu Kapsoya, hukuhitaji kugeuza kichwa ndio ujue Fundi ameingia. Ulimsikia. Alikuja akilia kama ng'ombe wa kengele, kwa sababu shingoni alivaa kamba ya manila, na kwenye hiyo kamba zilining'inia funguo za kila gari iliyolazwa kwake. Wiki ya mvua kidogo zilikuwa mbili, tatu. Wiki mtaro ukifurika zilikuwa rundo zima, na mchungaji alisimamisha maombi akangoja, macho amefunga, mpaka Fundi apate pa kuketi na zitulie.

Nyuma yake waliingia wenye gari. Wengi hawakuwa wa kanisa letu. Mmoja alikuwa Msabato, alikuwa ameshasali jana yake huko kwao, lakini alikaa ibada nzima kwenye benchi la nyuma akiangalia ufunguo wake usipotee.

"Kwa nini huziachi gereji?" mchungaji alimuuliza siku moja pale mlangoni.

"Nikiziacha watazichukua."

"Si ni zao?"

"Ni zao, Mchungaji. Hapo ndipo shida iko."

Fundi aliamini kwamba hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kusimama karibu na gari iliyonyamaza, ufunguo uko mkononi, asijaribu. Atasema ni mara moja tu, nisikie itasema nini. Na gari ikiwa imekunywa maji, hiyo mara moja tu ndiyo inayoua. Maji hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha injini izunguke na maji yako ndani, kitu kinapinda. Hayo yote alinieleza mimi, mtu wa darasa la tano, nikaelewa. Kuelewa hakukunisaidia, kama utakavyoona.

Kazi yake ilikuwa hiyo moja. Breki hakushika. Taa hakushika. Ukimletea gari yenye kelele tu alikuonyesha njia ya kwenda kwa mafundi wengine, akarudi kulala. Yeye alikuwa wa gari zilizokunywa, na Kapsoya hatukuwahi kukosa, kwa sababu ya mtu anayeitwa Rotich ambaye nitamtaja hapa na tena hapo mbele. Rotich alijenga ukuta wa ploti yake juu ya mtaro. Maji yalikuwa na njia yao tangu zamani. Yakaja siku moja yakakuta ukuta, yakafikiria kidogo, yakachukua barabara. Tangu hapo kila mvua ikinyesha usiku, asubuhi kunakuwa na mto pale bondeni, na kila asubuhi kuna mtu anayejiambia kwamba gari yake iko juu kuliko za wengine.

Kiangazi Fundi alikuwa kama mkulima yeyote. Alisimama mlangoni akaangalia mawingu. Wakulima wakiomba mvua kanisani, aliomba pamoja nao, tena kwa sauti, na sidhani kuna aliyekuwa na imani zaidi.

Gereji yake haikuwa na ukuta. Ilizungushwa milango ya gari, ile ya magari yaliyokufa, imesimamishwa moja kwa moja na kufungwa kwa waya. Kuingia, ulichagua mlango wa bluu, ukavuta kishikio, ukauchapa nyuma yako. Ukiuchapa kwa nguvu alikukemea. Kando ya huo wa bluu kulikuwa na mlango mweupe ambao kioo chake bado kilishuka, na wateja walikuwa wanateremsha kioo kwanza, wanaingiza kichwa na kuuliza kama Fundi yuko. Angeweza kuwa amesimama wazi kabisa hapo unapomwona kutoka barabarani. Hakujibu mpaka uteremshe kioo.

Na gari zenyewe alizisalimia kabla ya wenyewe. Alikuwa anaweka mkono juu ya boneti, anainama, anasema polepole, "Pole, mama. Pole sana. Nani amekufanyia hivi?" Halafu anainua macho akutazame wewe. Mimi nimeponea mengi. Nimeponea kiwanda cha nguo kilichofungwa tukiwa ndani tunafanya kazi, nimeponea teke la ng'ombe hapa kifuani, nimeponea ndoa. Lakini hayo macho ya Fundi juu ya boneti yalinifanya nitake kuomba msamaha hata siku niliyoenda kumsalimia tu.

Baada ya hapo alivuta kijiti cha kupimia oili. Hakukitazama tu, alikinusa, akasugua oili kati ya vidole, akatangaza. Ikiwa nyeusi alisema, "Kahawa," na mwenye gari alienda nyumbani akipiga mluzi. Ikiwa imechanganyika na maji, ikageuka ile rangi ya hudhurungi ya maziwa, alisema, "Chai," na mwenye gari alitafuta mahali pa kuketi.

Ilikuwa chai kweli, kwa macho. Siku moja alikuwa amechota kidogo ndani ya kikombe cha bati ili aiache itulie, akakiweka juu ya tairi. Wafula akaingia. Wafula ni mtu wa boda boda, mtu ambaye hajawahi kuona kikombe asifikirie ni chake. Alikishika akapiga mafunda mawili kabla mtu hajasema kitu.

Wafula akatazama ndani ya kikombe.

"Haya majani mnanunua wapi?" akauliza.

Fundi alimnywesha maziwa niliyokuwa nimebeba ya kuuza, nusu mtungi, akamkataza asikaribie jiko mpaka kesho. Wafula hakupata hata kikohozi. Fundi alimwangalia siku tatu mfululizo, halafu akamwambia mwenye ile gari kwamba labda oili yake ilikuwa bado nzuri.

Lakini sherehe yenyewe ilikuwa ya plagi. Gari nyingi zinazokuja kwetu zina plagi nne, kila moja imeziba tundu lake la injini, na ukisahau moja maji ya hapo hayana pa kutokea. Fundi alizifungua zote nne, akazipanga kwa mstari juu ya kitambaa cheupe, kitambaa cha leso safi ambacho mke wake alifua kila jioni akilalamika. Injini ikibaki na matundu wazi, ndipo aliposhika ufunguo kutoka shingoni, bila kuutoa kwenye kamba, kwa hiyo ilibidi apige magoti na kuingiza shingo chini ya usukani kama mtu anayekunywa kwa mfereji. Akazungusha. Maji yakaruka kutoka kwa matundu kwenda juu, pwaa, pwaa, kama ng'ombe wanne wanakamuliwa na mtu mwenye hasira. Watu walikuja kuangalia. Mama mboga waliacha meza zao.

"Simameni kando," alisema kila mara. "Kando, si nyuma. Kando."

Rotich hakusimama kando. Alikuja siku moja na suti mpya kuangalia kama hiyo gereji iko ndani ya mpaka wa ploti yake, akasimama mbele ya boneti na mikono nyuma, akauliza, "Kwani hii ni nini inafanyika hapa?" Akajua. Maji ya mtaro wake mwenyewe yalimpata kuanzia tai kushuka. Fundi aliomba msamaha. Aliomba kwa muda mrefu kupita kiasi, huku akimpangusa na kitambaa, na hakikuwa kile cheupe.

Ushauri wake watu walikuwa hawaufuati, kwa sababu kila mtu alikuwa na ujuzi wake kutoka mahali. Kuna mwalimu wa Kesses aliyeingiza gari kwa maji mpaka viti vikalowa. Alikuwa amesoma kwamba simu ikilowa unaizika ndani ya mchele. Akanunua gunia, akamwaga mchele wote ndani ya gari, akafunga madirisha na kuiacha juani siku mbili. Alipoivuta mpaka kwa Fundi, mchele ulikuwa umefura, umefika kwa usukani, na harufu yake ilitangulia gari.

Fundi alizunguka ile gari mara mbili. Akafungua mlango kidogo, akaufunga.

"Mwalimu," alisema, "na maharagwe uliacha nyumbani?"

Alikuwa mkali hivyo kwa watu, lakini usidhani yeye mwenyewe alikuwa amenyooka. Fundi aliogopa maji. Hakuvuka hata kidimbwi cha bata. Alitembea na fimbo akipima njia, na pale mimi na wewe tunaruka, yeye alizunguka ploti nzima akatokea upande wa pili dakika kumi baadaye. Na hakujua kuendesha gari mbele. Gereji ilikuwa nyembamba na gari zote ziliingizwa kichwa kwanza, kwa hiyo maisha yake yote alizijaribu kwa rivasi, na rivasi aliijua sana. Nimemwona akienda kwa kinyozi kwa rivasi, akangojea zamu yake, akanyolewa, na kwa sababu hakuna nafasi ya kugeuza akasukumiwa gari mpaka nyumbani na vinyozi wawili. Mimi nilimwuliza kwa nini hajifunzi kwenda mbele.

"Mbele ndiko maji yako," alisema.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: mlevi hasukumwi, analazwa. Alilisema kwa kila mteja. Kwetu hapa gari ikizima hakuna mtu anayeuliza imezima kwa nini. Watu wanatoka tu, kwa kiosk, kwa kinyozi, wanakunja mikono ya shati na kuanza kusukuma iwake. Ni upendo. Ukikataa kusukumwa unaonekana una kiburi. Fundi alichukia huo upendo kuliko alivyomchukia Rotich. Gari iliyokunywa, alisema, ukiisukuma kwa gia, hasa ya pili, unaifanya imeze kilichoko mdomoni, na fimbo ya chuma ndani ya injini inapinda kama mgongo wa mzee.

Sasa nafika kwangu.

Wakati huo nilikuwa nabeba maziwa, na bado nabeba. Kila asubuhi naenda Kesses na pikapu yangu nyeupe, nakusanya mitungi kwa wakulima, nafikisha kwa hoteli za mjini kabla ya saa nne. Hiyo pikapu ndiyo kazi. Sina nyingine, na kwa umri wangu hakuna mtu anayekuandika. Na wakulima wa Kesses wana sheria yao ambayo hawajaiandika popote lakini wanaishika. Maziwa yakichacha kwa sababu ya mvua, hiyo ni ya Mungu. Yakichacha kwa sababu ya ujinga wako, wanampa mtu mwingine. Na mtu mwingine alikuwa tayari. Anaitwa Kipkemboi, alikuwa na pikapu mpya, na alikuwa anasalimia hao wakulima kila Jumapili mmoja mmoja, na wala hakuwa na shughuli nao.

Ilikuwa Jumamosi, mvua imenyesha usiku kucha. Nafika kwa lile bonde la Rotich na mitungi imejaa, nakuta mto. Nasimama. Ng'ambo namwona Wafula.

"Pita katikati, Mzee!" anapiga kelele. "Maji iko hapa tu!" Anajigonga goti.

Kitu ambacho sikuona, na ambacho yeye aliona, ni kwamba alikuwa amesimama juu ya jiwe la kalvati.

Nikaingia. Maji yakaja kwa taa, yakaja kwa boneti, gari ikakohoa mara moja kama mtu anayetaka kusema kitu kanisani, ikazima. Mitungi nyuma ikaanza kugongana. Nikatoka kupitia dirishani.

Kwaya yetu ilikuwa inajitayarisha kwenda arusi. Koros ndiye kiongozi wa kwaya. Aliniona akaita wenzake, wakaja saba pamoja naye, na majoho yao ya zambarau, wakaingia maji mpaka kiunoni, wakanitoa na gari yangu mpaka ng'ambo, barabara inapoanza kuteremka tena. Mpaka hapo nawashukuru. Tungeachia hapo, nisingekuwa na hadithi.

"Tusukume sasa," Koros akasema. "Ikishika moto itajikausha yenyewe."

"Fundi anasema mlevi hasukumwi," nikasema. Nilisema. Mtu asiniambie sikusema.

"Fundi anataka kazi," akasema Koros. "Maziwa yako inachacha."

Nikaangalia mitungi. Nikamwona Kipkemboi kwa akili yangu, anasalimia watu. Nikaingia ndani.

Walisukuma kuteremka, wakiimba ili miguu iende pamoja. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu nikaweka gia ya pili, nikangoja mwendo, nikaachilia klachi. Ndani kukalia kama mtu amevunja muwa kwa goti.

Wimbo ukaisha katikati ya neno.

Fundi alikuja nusu saa baadaye, akizunguka vidimbwi vyote na fimbo yake. Akaweka mkono kwa boneti. Pole, mama. Halafu akaniangalia.

"Mlijaribu kuwasha?"

"Hapana," nikasema.

Akawageukia kwaya. Matope mpaka shingoni, na nyuma ya pikapu yangu mikono ya matope kumi na minne, imepangwa kama picha ya shule ya watoto.

"Na hiyo mikono?"

"Walinitoa tu kwa maji."

"Hamkusukuma iwake?"

"Hapana," kwaya ikajibu. Sauti zote nne.

Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo, akauvaa, tukaivuta mpaka gereji. Alifanya kazi yake kama kawaida. Chai. Plagi nne, leso, maji yakaruka. Akazirudisha, akawasha, na injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko. Aliifungua siku hiyo hiyo. Fimbo ya tatu ya injini ilikuwa imepinda, hata mimi niliiona. Na hapo mlangoni, wametumbukiza vichwa kwa kile kioo cha mlango mweupe, walikuwa wakulima wawili wa Kesses waliokuja kuuliza habari ya maziwa yao.

"Hii imepinda wapi?" Fundi aliuliza. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa anashangaa tu, fimbo iko mkononi.

Wale wakulima wakaniangalia mimi.

"Labda ni hapa," nikasema. "Labda ulisahau plagi moja."

Sijui hayo maneno yalitoka wapi. Fundi aligeuka haraka akaangalia kitambaa. Kilikuwa kitupu, plagi alikuwa ameshazirudisha.

"Nilitoa nne," alisema.

"Mimi niliona tatu."

Jioni ya siku hiyo Kapsoya yote ilijua. Wafula alibeba hiyo habari pamoja na abiria wake. Koros, ambaye alijua ukweli kama anavyojua jina la mama yake, alisema ni umri. Wakulima waliniambia pole, si makosa yako, wakaniwekea kazi yangu. Fundi aliitengeneza pikapu kwa fimbo ya injini nyingine, akakataa nilipe. Bado inatembea mpaka leo. Mimi niliokoka. Hiyo nataka iandikwe wazi: aliyeokoka ni mimi.

Ilianza hapo hiyo tabia ya Fundi ya kuhesabu. Alikuwa anatoa plagi na kupaza sauti, "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Kisha anamwita mtu yeyote aliye karibu, hata mpita njia, "Kuja. Hesabu. Unaona ngapi?" Watu walicheka wakamwita Fundi wa Plagi Tatu. Alikuwa anarudi kuangalia kitambaa mara mbili, mara tatu, kabla ya kupiga magoti, na wateja wakichoka kungoja. Nimecheka pia. Nilicheka kushinda wote. Nikipita hapo na maziwa yangu napiga honi, nasema, "Fundi, ni ngapi leo?" Na yeye ananijibu kwa unyenyekevu kabisa, kama mtu anayeulizwa na daktari, "Leo ni nne, Bwana Maziwa."

Gari zikapungua. Shingo yake ikanyamaza. Mvua ya pili tangu hiyo, milango ya gereji iliuzwa mmoja mmoja kwa watu wa vyuma, akahama na mke wake kwenda Plateau, karibu na hospitali ya misheni, kwa shamba la familia. Nilijiambia ameenda kupumzika. Watu wazee hupumzika.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, Kipkemboi aliingia lile bonde. Alikuwa amepata wakulima wachache wa upande wa chini, na alikuwa na haraka kama mimi. Alizima pale pale. Koros akatoka, kwaya ikatoka, wakasukuma, wakaimba, muwa ukavunjika. Nilikuwa nimesimama juu naangalia, na moyo wangu ulikuwa na sherehe, sitaficha. Nikasema amekwisha huyu.

Kipkemboi alitoka kwa gari, akapanda pikipiki mpaka Kesses, akasimama mbele ya wakulima.

"Ni mimi," akawaambia. "Niliingia maji, halafu nikakubali kusukumwa. Ni ujinga wangu."

Wale wakulima walicheka mpaka mmoja akashika mti. "Kila mtu husukuma!" walisema. Wakamtafutia gari ya kuazima. Ile sheria yao kumbe mimi ndiye nilikuwa naishika peke yangu.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Jumatano, baada ya hoteli, sikurudi nyumbani. Nilichukua barabara ya Plateau.

Mke wake ndiye alinikuta langoni.

"Chamge," nikamsalimu kwa Kikalenjin.

"Chamge mising," akajibu, kwa sababu lazima ujibu. Hakusema karibu. Alinifungulia, akaenda zake jikoni, na akaniacha nimesimama.

Fundi alikuwa ameketi nje kwa jua, anatupia kuku mahindi. Amekonda. Shingo yake bila kamba ilionekana ndefu kuliko nilivyokumbuka.

"Bwana Maziwa!" alisema. Alitazama nyuma yangu, barabarani. "Mama anaendelea aje?"

"Anaendelea. Hajagonga hata siku moja."

"Unambadilishia oili?"

"Nambadilishia."

"Unadanganya."

"Nambadilishia mara moja moja."

Akacheka. Kuku wakakusanyika miguuni mwangu wakidhani nami nina kitu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri, ya kuanzia mbali, mambo ya mvua na ukuta wa Rotich. Yalinitoka yote kichwani.

"Fundi, ile siku tulisukuma."

Mkono wake ulibaki hewani na mahindi ndani.

"Mlinitazama machoni," alisema.

"Ndio."

"Mkasukuma iwake."

"Mara tatu. Ile ya tatu ndiyo ilivunja. Nilisikia kwa masikio yangu. Wewe plagi ulitoa nne, mimi niliona nne."

Nilijitayarisha kwa matusi, kwa fimbo, na kwa ukweli ningeyapokea yote mawili.

"Gia ya ngapi?" akauliza.

"Ya pili."

Mahindi yalianguka yote mara moja, kuku wakapigana. Fundi alishika mikono ya kiti chake, akajiinua nusu, akapaza sauti kuelekea jikoni, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mama! Mama, kuja hapa! Ilikuwa gia ya pili!"

Akatokea, anajifuta mikono kwa kanga. "Gia ya pili ya nini?"

"Mwambie," Fundi akaniambia.

Nikamwambia. Maji, Wafula, kwaya, Koros, wale wakulima kwa dirisha. Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza, hakunitazama tena. Alimtazama mume wake.

"Na mimi ndio nilikuambia ufunge gereji," alisema. "Nilikuambia mikono imechoka."

"Wewe ulisema macho," Fundi alisema. "Mikono nilisema mimi."

"Lakini wewe ulijua ulitoa nne."

"Mwaka wa kwanza nilijua." Alijikuna shingo. "Halafu watu wakasema sana."

Mama huyo alisimama pale kidogo. Halafu akaingia ndani, nikafikiri ni kwa ajili ya kulia, au panga. Alirudi na kiti, akakigongesha chini mbele yangu.

"Keti," akasema. "Usitoke hapa. Naita jirani. Huyo ndiye amesema sana hata huku."

Nikaketi. Jirani akaja, nikamwambia. Jirani akaita mke wake, nikaanza upya. Akaja mzee fulani aliyekuwa anapita na ng'ombe wake, na Fundi akamsimamisha, hata hawajuani vizuri.

"Usiruke kwaya," Fundi alikuwa ananikumbusha. "Wataje na majoho."

Jua lilipoanza kushuka nilikuwa nimesema mara tano, sauti imenikauka, na hakuna aliyenipa hata maji. Mara hiyo ya tano sikuhitaji kumaliza. Nilipofika pale gari inateremka na watu wanaimba nyuma, Fundi aliinama mbele kwa kiti chake, akaweka mkono juu ya goti langu ili ninyamaze, akawageukia wale watu na kuwaambia yeye mwenyewe ni gia ya ngapi.